Kicheko Chini ya Tangazo la Msiba

Gongoni,
9 Agosti 2025

Kwa wifi yangu Bi Shekha,

Assalaam alaikum.

Simu zangu hupokei, na kwenye kundi la wasapu la ukoo simo tena wala hakuna aliyenirudisha. Kwa hivyo nimechana kurasa za daftari langu la michoro ya hina, nakuandikia kwa kalamu kama watu wa zamani. Nyale wa bodaboda atakuletea hapo Malindi. Nimemwambia akupe wewe mkononi, asimpe mtu mwingine.

Nina hasira, wifi, na sitaificha. Siku ya pili ya tanga ulinipokonya sinia ya kahawa mbele ya wanawake wote wa mtaa, ukasema kahawa ya msiba haimiminwi na mtu anayecheka. Sikuelewa unasema nini. Nilidhani nimekosea kuvaa au nimekosea kuketi. Nikaenda jikoni, na huko nako wakanipa migongo, kila mmoja akajitia ana kitunguu cha kukata. Mpaka jirani yako mmoja akanionea huruma akanionyesha simu yake. Uliandika, "Mama yetu Bi Barke ametangulia mbele ya haki." Chini yake pana jina langu, na kile kiuso kinachocheka mpaka kinatoa machozi. Kisha kingine. Kisha kidole gumba. Kisha, Fahima ameondoka.

Si mimi niliyecheka. Asubuhi ile tableti yangu ilikuwa sebuleni juu ya kiti, inachaji, na mimi niko uani nafua. Uliyempigia simu ni ndugu yako Stambuli. Alikuja uani ameshika kichwa, tukaondoka vile vile, nguo tukaziacha kwenye beseni. Hiyo tableti ni mbovu. Kioo chake kinajibonyeza pasipo mtu kukigusa. Kinafungua kamera, kinaandika herufi moja mstari mzima, kinapigia watu. Nilidhani ni chumvi ya huku, maana Gongoni chumvi hula kila kitu, bawaba, sufuria, mabati. Nimebandua ile plastiki ya kulinda kioo, nimekifuta kwa kitambaa laini, nimeizima na kuiwasha, hata kwenye mchele nimeifukia kama watu wanavyosema. Hutulia kidogo, halafu huanza tena.

Stambuli hajarudi nyumbani tangu msiba. Lori lake la chumvi nalisikia likipita barabarani, naijua honi yake, na halisimami. Mtoto husema, "Baba huyo," nami naendelea kukuna nazi. Akufukuzaye hakwambii toka, najua, lakini mimi nataka kuambiwa. Nataka mume wangu arudi, na nataka uniondolee aibu hii mbele ya wale wale walioona ukinipokonya sinia. Mavyaa yangu Bi Barke alinipenda na mimi nilimpenda, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Wifi yako,
Fahima


Malindi,
12 Agosti 2025

Fahima,

Waalaikum salaam. Nimeitikia kwa kuwa kuitikia salamu ni faradhi, si kwa kuwa nina hamu na wewe.

Ati kioo kimecheka chenyewe. Viuso vyote vilivyomo mle, vya kulia, vya kuomba dua, vya moyo uliopasuka, kioo chako kikavipita vyote kikaenda moja kwa moja kwenye kicheko. Tena mara mbili. Halafu kikaona haya, kikajitoa kwenye kundi. Mimi ni mtu mzima, nimelea watoto wanne, na uongo wa kila namna nimeambiwa. Nimeambiwa sukari imeliwa na sisimizi na kijiko kikiwa bado mdomoni. Lakini huu wako, wallahi, sijapata kuusikia.

Wewe unajua nilikuwa katika hali gani? Mamangu nilimfumba macho kwa mkono huu, na kwa mkono huu huu nikaandika lile tangazo. Sijapangusa machozi, kicheko chako kimeshafika. Shangazi akanipigia kutoka Mombasa kuniuliza, "Huyu ndiye mke wa Stambuli, au kuna Fahima mwingine?" Hilo sitakusamehe.

Stambuli hajazuiwa na mtu. Ana miguu na ana lori. Nimemwambia hivi tu: mwanamke aliyemcheka mamake hawezi kuketi kwenye hitima ya arubaini yake. Kabla ya arubaini aamue. Akurudishe kwa wazazi wako Ngomeni, au mimi asinihesabu kuwa ni dada yake.

Lakini nisije nikaambiwa nimekudhulumu. Ilete hiyo tableti. Hapa karibu na soko pana fundi wa simu anaitwa Gachanja, mtu wa bara, si wa kwetu wala si wa kwenu, hana upande. Nitaketi dukani kwake mimi mwenyewe niitazame ikicheka. Njia ya mwongo ni fupi.

Shekha


Gongoni,
14 Agosti 2025

Wifi Shekha,

Tableti hiyo hapo, Nyale ameibeba kifuani ndani ya koti. Nimeifunga kwa leso isiingie vumbi.

Neno la siri nimeliondoa. Fungua utakacho, soma utakacho, sikiliza kila nilichomwambia kila mtu. Utakuta picha za miguu ya maharusi na maswali ya mume wangu kama samaki amepatikana. Utakuta pia sauti za mamako akiniita nije nimsuke. Hizo nakuomba usizifute.

Ketini, muitazame. Sina wasiwasi nayo, maana hapa kwangu haipitishi asubuhi bila kufanya vituko.

Fahima


Gongoni, kwenye mizani ya lori,
15 Agosti 2025

Mke wangu,

Salaam nyingi kwako na kwa mtoto. Naandika haraka, nangoja kupakia, na Nyale ananiharakisha.

Usinione mbaya. Dada ameniapisha nisikupigie wala nisifike hapo mpaka jambo hili liishe, nami nimemwapia, maana mama amekufa na sasa mkubwa wangu ni yeye. Unanijua, mimi si mtu wa kelele. Watu wananiuliza mkeo alicheka nini, nami napanda lori naondoka.

Nakwambia hivi. Siku nitakayoona kwa macho yangu kwamba ni mashine, narudi nyumbani jioni ile ile, wala sitamuuliza mtu. Kesho fundi anaitazama nami nitakuwepo. Vumilia.

Stambuli


Malindi,
18 Agosti 2025

Fahima,

Nimeketi. Kuanzia fundi anafungua duka mpaka adhana ya alasiri, nimeketi kwenye kile kibenchi chake mgongo ukaniuma, na mbele yangu hiyo tableti. Gachanja ameifungua, ameichungulia kwa lenzi, amesema alitarajia chumvi lakini haina chumvi. Ameichaji, ameiacha bila chaji, ameipasha moto, ameiweka mbele ya feni. Imetulia tuli kama mwali ndani. Fundi akasema, "Mama, hii ni nzima, labda mwenyewe aliibonyeza bila kujua." Bila kujua. Hata mtu wa bara amekustahi kuliko ulivyotustahi sisi.

Stambuli alikuwa amesimama pale mlangoni. Ameona. Aliniambia, "Basi dada, fanya utakavyo," akaenda zake kwenye lori.

Na leso pia nimeiona. Leso zote ulizonazo, ukaichagua iliyoandikwa HASIDI HANA SABABU, ukanipelekea nije kuikunjua dukani mbele ya wateja. Fundi hajui mambo ya leso, lakini palikuwa na wanawake wawili wa Shela pale, wakasoma, wakatazamana, wakaniangalia mimi. Kumbe mimi ndiye hasidi. Umemcheka mamangu, sasa unanitukana na mimi kwa herufi kubwa.

Hitima ni tarehe nane mwezi ujao. Usije. Baada yake Stambuli atakupeleka Ngomeni, naye amekubali.

Shekha


Gongoni,
22 Agosti 2025

Shekha,

Leo sina wifi, nina Shekha.

Tuanze na leso. Ile leso nilinunuliwa na mamako, kwenye Idi, mwaka niliozaa. Tuliikata doti hiyo mbele yako, kipande kimoja nikachukua mimi, cha pili alijifunga yeye. Nenda kafungue sanduku lake la nguo, utakuta nusu ya pili, na maandishi ni yale yale. Nilifungia tableti kwa leso hiyo kwa sababu ndiyo laini kuliko zote nilizonazo. Jina lake, hayo maandishi, sikulitazama. Wewe ndiye uliyesoma ukajiona humo.

Sasa sikiliza habari ya pili, na uisome polepole maana ndiyo iliyonitoa roho wiki hii. Tableti ilipoondoka, chaja yangu ilibaki hapa ukutani. Juzi jirani yangu Kanze, yule Mgiriama wa mlango wa mbele ambaye mwenyewe umemwona kwenye mazishi, amekuja kuchaji simu yake kwangu kwa kuwa stima ya kwake imekatika. Akaichomeka kwenye chaja yangu. Haikupita muda, simu ya Kanze ikaanza kuruka. Ikafungua kikokotoo, ikafungua redio, ikampigia mume aliyemwacha mwaka jana, na yule bwana akapokea. Kanze alichomoa ile waya utadhani ameshika nyoka. Tukaichomoa, ikatulia. Tukaichomeka, ikaruka. Tumefanya hivyo mpaka Kanze akakataa simu yake isichezewe tena.

Umeelewa? Si kioo na si chumvi. Ni chaja. Niliinunua hapa stendi ya Gongoni kwa wale wanaotandika chini, baada ya ile ya asili kukatika waya. Stima inayotoka humo si safi, inakichanganya kioo kikadhani kimeguswa na kidole. Gachanja aliichaji tableti kwa chaja yake mwenyewe, nzuri, ya dukani. Ungekaa kwenye kibenchi kile mpaka Idi, usingeona kitu. Na mimi mjinga nilituma mgonjwa nikabaki na ugonjwa.

Chaja hiyo hapo ndani ya bahasha. Ichomeke nyumbani kwako, weka tableti juu ya meza, ukae uitazame, na ndugu yako akae pembeni yako atazame vilevile. Sikuombi kitu kingine. Nimechoka kuapa.

Na huko Ngomeni hunipeleki. Mwanamke hurudishwa kwao kwa kosa, na mimi kosa langu hata mashine yenyewe imelikana.

Fahima


Malindi,
29 Agosti 2025

Fahima,

Chaja nimepokea. Niliichomeka Jumatano, sebuleni kwangu, Stambuli akiwa amekaa kando yangu, kama ulivyotaka. Hakuna kilichotokea. Imekaa kimya vile vile.

Sanduku la mamangu halikuhusu.

Yaishe sasa. Sina hamu ya kupelekeana barua na wewe. Stambuli naye amesema usimwandikie.

Shekha


Gongoni,
31 Agosti 2025

Kwa Stambuli,

Barua hii ni yako, lakini mpe na dada yako aisome. Najua ataisoma hata usipompa.

Jumatano ile mnayoisema, alasiri, Kanze alikuwa amekaa kwangu namchora hina miguuni. Simu yake ikalia. Jina lililotokea ni langu. Mimi niko mbele yake, mikono yangu yote miwili imejaa hina, na simu inasema Fahima anapiga. Tukajua ni tableti huko kwenu, imempigia yenyewe. Kanze akapokea, akafungulia spika, tukasikia kwenu sebuleni.

Nilikusikia wewe kwanza. Ulisema, "Da Shekha, itazame. Inajiandika yenyewe." Akasema anaiona. Ukasema, "Kumbe kweli. Kumbe Fahima hakusema uongo." Nikwambie ukweli, Stambuli, nilifurahi. Nililia kwa furaha, hina ikamwagika mkekani. Nikamwambia Kanze, jioni hii atarudi, ameona kwa macho yake. Nikaanza kufikiria kama nyumbani kuna samaki.

Kisha dada yako akasema ichomoe, na pakawa na kishindo, nadhani aliitupa kifudifudi kwenye kochi, maana sauti zikawa kama za mtu aliyejifunika shuka. Lakini zilisikika. Akasema, "Sasa niende nikawaambie nini watu? Kwamba nimempokonya sinia mtu asiye na kosa, kwenye tanga la mamangu mwenyewe?" Akaanza kulia. Akasema mwezi mzima yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza mamake kitandani, akimwosha, akimlisha uji kwa kijiko, na mgonjwa kila akifumbua macho humuuliza Fahima yuko wapi, mwiteni Fahima. Mpaka siku ya mwisho. Akasema kile kicheko kilipofika alimshukuru Mungu, maana hatimaye alipata sababu.

Da Shekha, hilo hukuniambia, na ungeniambia ningekuja nikaketi nawe tukalia pamoja. Sikujua kwamba alikuwa akiniita. Mngenipigia ningekuja usiku huo huo, kwa bodaboda, na mtoto mgongoni. Hukunipigia. Nina hasira nawe na sijui itaisha lini, lakini angalau naijua hasira yako imetoka wapi. Imetoka kwa mtu uliyempenda.

Wewe, Stambuli, nilikuwa nakusubiri. Dada yako alikwambia, "Usimwambie. Nakuomba, usimwambie. Niachie mimi, nitamwandikia kwamba haikufanya kitu." Ukanyamaza. Ulinyamaza sana, mpaka Kanze akadhani simu imekatika, akataka kuitikisa, nikamzuia. Nilikuwa nakuombea. Wallahi nilikuwa nakuombea pale nilipokaa, sema neno, sema lolote. Ukasema, "Haya, dada." Kisha ukauliza kama kuna chai iliyobaki.

Nimekaa siku hizi zote nayageuza maneno hayo. Ungekuwa umedanganywa, ningekupigania mpaka mwisho. Ungekuwa hukuona, ningetafuta chaja ya pili na ya tatu. Lakini umeona, umejua, na umekunywa chai. Aliyenitia aibu mbele ya watu ni dada yako, naye alifanya hivyo akidhani nimemkosea mamake. Wewe unaniacha niitwe mwongo huku ukijua sikusema uongo, kwa sababu kusema kungeleta kelele nyumbani.

Tarehe nane nitakuja kwenye hitima. Siji kuomba radhi na siji kupatanishwa. Nitaketi mkeka wa mbele, nimsomee mavyaa yangu Yasin, maana aliniita na sikufika. Anayetaka kuninyang'anya msahafu aninyang'anye, na Kanze atakuwepo awaeleze wanawake alichokisikia kwa masikio yake. Yeye hana haya na hana ukoo wa kuogopa.

Nikitoka hapo nakwenda kwa Kadhi kudai khului, nijitoe mwenyewe kwenye ndoa hii. Usinitumie Nyale na karatasi, usinitumie mjomba, usiniambie vumilia. Barua zote hizi niliziandika nikitaka ujue kwamba sikucheka. Umejua tangu Jumatano. Nguo zako nimezifua, nimezikunja, ziko kwa Kanze. Ukija, zichukue huko, usibishe hodi kwangu.

Fahima